Soksi za Baridi na Jasho la Ifakara

Kondoo wako Ulaya. Baridi iko Ulaya. Miguu yenyewe iko Ulaya. Ila aliyekaa na sufu mapajani, hapa Ifakara, mwezi wa Novemba, shingo inamtoka maji kama mtungi mpya, ni mimi. Mungu ana mipango yake na sijawahi kumuuliza. Nimefuma tu.

Wanangu mnaobaki katika chumba cha kufuma, Jumamosi mliponiaga Sista alitaka niseme neno. Nikasimama, nikasema asanteni, nikakaa. Mlicheka. Sasa naandika, maana darasa la jioni lilinifundisha kusoma na kuandika, halikunifundisha kusimama mbele za watu. Mkiona herufi zimelala, mjue nilisoma nikiwa nimetoka shambani, na mwalimu naye alikuwa anasinzia.

Niliingia kazini kwa sababu ya mto. Marehemu mume wangu alikwenda kuvua, mtumbwi ukarudi peke yake. Tulipomaliza matanga wazee wa ukoo wakakaa, na mdogo wake, Kasiani wa Mchombe, akasimama kusema kwamba yeye ni mtu wa huruma, hawezi kumwacha mjane wa kaka yake ahangaike. Alikuwa na wake wawili tayari. Alisema nyumbani kwake nafasi ipo. Mimi nyumba hiyo niliijua. Kuku wenyewe walilala kwa zamu.

Nikawaambia wazee: mimi nimebatizwa, nikiingia kwa shemeji kama mke wa tatu, komunyo nimeiaga. Tena binti zangu wawili wanasoma shule ya misheni, wakifika Mchombe watakuwa wafukuza ndege kwenye mpunga. Nipeni ruhusa nikae Ifakara, masista wana kazi ya kufuma. Wazee wakanong'onezana, wakatoa hukumu: "Kaa. Masista wakikulisha, sawa. Siku wakiacha, unakwenda kwa shemeji yako."

Kasiani akatabasamu. "Kazi ya nyuzi, shemeji? Nitasubiri."

Basi huo ndio uliokuwa mshahara wangu, wanangu. Wengine walifanya kazi wapate nguo. Mimi nilifanya kazi nisipate mume.

Siku ya kwanza Sista Klotilda alinipa sindano na donge la sufu. Sista huyu, kwa ninyi msiomjua, alikuwa mfupi, mwenye haraka, na Kiswahili chake kilikuwa na maneno mawili makubwa, "hapana" na "tena". Nikafuma, akaja, "Hapana." Akafumua yote. "Tena." Mpaka jioni nilikuwa nimefuma kipande cha ukubwa wa kitambaa cha pua, na uzi ule uliokuwa mweupe asubuhi ulifanana na mkia wa paka wa jikoni. Sufu na jasho havipatani. Tulijaribu kupaka viganja unga wa mchele ili uzi usigande. Ulisaidia sana, mpaka panya walipogundua kwamba misheni sasa inatengeneza soksi zenye chakula. Tukarudi kwenye bakuli la maji na kitambaa kikavu, ambavyo mnavyo mpaka leo.

Aliyenifundisha kweli alikuwa Mama Otilia, mwanamke wa Idete, mtu mzima kuliko mimi, msukaji wa mikeka tangu utoto. Alikaa kando yangu na maneno yake hayakuwa mengi, lakini yalikuwa na chumvi. Sindano zetu za soksi zilikuwa spoku za baiskeli, fundi wa sokoni alizikata na kuzisugua mpaka zikateleza. Na kwa kazi ya misuko tulitumia mwiba wa nungunungu, maana umechongoka pande zote mbili na hauna kutu. Mume wa Otilia aliwaua nungunungu kwenye mahindi yake, yeye akakusanya miiba. Sista aliagiza kifaa chenyewe kutoka kwao, kikafika, kikapotea, na hakuna aliyekilia.

Siku moja Otilia alimuuliza Sista hiyo baridi yenyewe ikoje. Sista akatupeleka hospitali, penye friji ya mafuta ya taa, akatoa bonge la barafu akaniwekea kiganjani. Nikapiga kelele nikaliangusha.

"Kwetu," Sista akasema, "hiyo iko chini kila mahali. Mpaka hapa." Akaonyesha magotini.

Otilia akamtazama kwa huruma kubwa. "Pole, mwanangu. Na mnakaa huko kwa hiari?"

Tangu siku ile nilifuma kwa moyo. Nilielewa kwamba wale watu hawatanii.

Sasa kesi ngumu, ambayo ndiyo mliyotaka kusikia. Kina mama wa Ulaya waliokuwa wakituletea sufu walichoka na soksi zetu za kawaida. Wakataka soksi nene za kupandia milima, zenye misuko inayopanda mguuni toka juu hadi karibu na vidole. Tufume jozi moja ya mfano, wakiipenda watatuma sufu kila mwaka. Wasipoipenda, sufu itakwenda kwa watu wengine. Sista alitueleza bila kuzunguka: sufu isipokuja, chumba hakina kazi, na Padre ameshakipima kwa macho kuwa ghala la mpunga.

Wenzangu walihuzunika. Mimi nilimwona Kasiani akinitandikia mkeka.

Jozi ile nilipewa mimi peke yangu. Sababu ni moja. Soksi mbili lazima zitoke mkono mmoja, maana Otilia mkono wake ni mlegevu na wangu unakaza, na jozi iliyofumwa na watu wawili ni kama ndoa ya kulazimishwa, mmoja anabana, mwingine anapwaya.

Nilichora msuko kwa chaki sakafuni. Kwa ninyi wapya, msuko ni ujinga mzuri sana. Unachukua vitanzi vitatu, unavitoa kwenye sindano, unavingojesha mbele kwenye mwiba. Unafuma vitatu vilivyokuwa nyuma yao. Halafu ndipo unarudi kuvifuma vile vilivyongoja. Vimepishana. Unafuma mizunguko michache ya kawaida, unavipishanisha tena. Kamba inatokea yenyewe, kama nywele za msichana siku ya Pasaka. Nilifuma kuanzia juu, chini ya goti, nikishuka. Nikafurahi, nikamshukuru Mungu, nikafika kifundoni, nikajaribu kuvaa. Haikupita. Kisigino kikagoma mlangoni kama mbuzi.

Otilia akaipapasa. "Umevuta."

"Sijavuta, Mama. Nimefuma kama siku zote."

"Msuko ndio unaovuta. Hata ukili ukiupishanisha sana mkeka unabana. Ongeza upana kabla, au pishanisha mara chache."

Nikafumua mpaka juu, nikaongeza vitanzi, nikaanza upya. Kufumua ni nusu ya kazi hii, wanangu. Anayewaambia vingine anauza kitu.

Tulipokuwa katikati Sista Klotilda akaangushwa na homa. Homa yenyewe ya kwetu hapa bondeni, hairuhusu mtu kusalimia. Akalazwa. Alituachia neno moja tu: "Kila hatua pimeni mguuni." Mguu wa nani, hakusema. Masista tulijua wana nyuso na mikono. Miguu yao tuliamini ipo, kama mafumbo mengine ya imani. Basi tukapima kwenye miguu tuliyokuwa nayo, wangu na wa Otilia.

Mnaijua miguu hiyo. Imekanyaga tope la mpunga tangu tulipojifunza kusimama. Haijawahi kufungiwa ndani ya kiatu. Kila kidole kimejitenga na shamba lake. Nilipofika mbele nikaona soksi inabana vidole, nikaipanua. Ikabana tena, nikaipanua tena. Mwisho ikakaa vizuri kabisa. Otilia akavaa zote mbili, akatembea chumbani, tukapiga vigelegele.

"Humu ndani," akasema, uso umelowa jasho, "mtu anaweza kuchemshia kambale."

Tukazifua, tukazikausha, tukazishona ndani ya kitambaa cha amerikani tayari kwa safari. Lori la Bwana Saidi lilikuwa liondoke siku iliyofuata kwenda Kilosa, na ndilo la mwisho. Masika ilikuwa imeshaanza kunguruma upande wa Mahenge, na mnaijua barabara yetu. Ikinyesha sawasawa, hapiti hata chura.

Asubuhi ile Sista akajikokota kutoka kitandani, njano kama papai, akataka aone. Tukamwambia zimeshashonwa. "Fumua." Tukafumua kitambaa. Akatazama misuko, akatabasamu. Akatazama kisigino, akakubali kwa kichwa. Akafika mbele.

"Hii ni soksi ya nani?"

"Ya mtu, Sista."

"Mtu gani?"

Sista akatuma Bruda aitwe kutoka karakana ya useremala. Bruda alikuwa mzungu mzee, mpole, mwenye ndevu zilizojaa vumbi la mbao. Akaambiwa avue kiatu. Akavua, bila kuuliza, kama mtu aliyekwisha kuzoea kutii.

Wanangu, mguu ule! Mweupe, mwembamba, vidole vimebanana vyote vikitazama njia moja kama watu kwenye mstari wa kitubio, umechongoka kama mbele ya mtumbwi. Tukamvisha. Juu ikakaa. Kisigino kikakaa. Mbele kukabaki mfuko unaning'inia. Panya mwenye mimba angepata nyumba na ua.

Bruda akautikisa mfuko ule mara moja. "Ya joto sana," akasema kwa heshima.

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimeketi sakafuni bila kujua nimeketi saa ngapi. Nje lori lilikuwa limeshafika, wanapakia magunia. Na kana kwamba mbingu ziliona bado nina nafasi ya kubeba, nikasikia sauti mlangoni.

"Hodi hapa."

Kasiani. Kanzu safi, fimbo mkononi.

"Karibu, shemeji," nikasema. "Za Mchombe?"

"Nzuri. Nimesikia Sista anaumwa na chumba kinageuzwa ghala. Nikasema nije nikusaidie kufungasha."

"Watu wa Mchombe wana masikio marefu."

"Ni upendo huo, shemeji." Akaketi barazani, akaweka fimbo magotini, akatulia kama mtu aliyekuja kupokea chake.

Nikashika mkasi. Soksi inayofumwa toka juu ina neema moja, vidole ndivyo vya mwisho. Nikakata pale ncha ilipofungwa, nikavuta. Upande wa mbele ukayeyuka mpaka katikati ya wayo, vitanzi vikabaki midomo wazi. Sista alifumba macho. Sijui kwa homa au kwa sala.

"Nikipunguza vitanzi kwa ghafla," nikamwambia Otilia, "msuko utakatika katikati. Utaonekana kama kamba iliyotafunwa na mbwa."

"Usipunguze kwanza. Si ulilalamika msuko unavuta? Sasa uache uvute. Pishanisha mapema mapema, wayo utajibana wenyewe. Punguza mwishoni tu."

Tukamkalisha Bruda kwenye benchi, mguu juu ya kigoda, naye akatoa kitabu chake cha sala akaendelea kusali kana kwamba mguu ni wa mtu mwingine. Nikafuma nimepiga magoti mbele yake. Kila mizunguko michache nikamvisha, nikamvua. Otilia alinishikia uzi na kunikausha viganja, huku rozari ikimtoka mdomoni bila kituo.

Barazani Kasiani akachungulia. "Yaani wanawake wazima mmeuzunguka mguu wa mzungu!"

"Ingia tupime na wako," Otilia akamjibu kati ya Salamu Maria mbili. "Kilichokuleta hapa ni miguu. Akili uliiacha Mchombe."

Bwana Saidi, mwenye lori, akaja akipangusa mikono kwa tambara. Alikuwa Mwislamu wa Kilosa, mtu wa taratibu, mcheshi. Akamkuta Kasiani pale akaketi naye.

"Na wewe ndugu unasubiri mzigo?"

"Nasubiri shemeji yangu, huyu anayefuma."

"Mimi nasubiri hiyo soksi anayoifuma." Bwana Saidi akafikiri. "Basi mmoja wetu leo ataondoka gari tupu."

Nilisikia, nikakaza kitanzi mpaka kikalia. Ikabidi nikilegeze. Hasira, wanangu, iacheni mlangoni pamoja na viatu, kwa wale mlio navyo. Uzi unaijua.

Soksi ya kwanza ikafunga vidole. Tukamvisha Bruda. Ikamkaa kama ngozi ya embe. Nikaenda ya pili. Ngurumo ikasogea, Bwana Saidi akapiga honi, akasema kwa upole, "Mama, wingu lile halina breki." Nikafika msuko wa mwisho, nikatoa vitanzi vitatu kwenye mwiba, mwiba ukavunjika. Vitanzi vikabaki hewani. Mkipumua tu vinashuka. Na miiba mingine ilikuwa Idete, kwenye paa la Otilia.

"Kitu!" nikapiga kelele. "Nipeni kitu chembamba!"

Kila mtu akajipapasa. Bwana Saidi akaingia bila hodi, akanipa njiti ya kiberiti. Nikaichomeka kwenye vitanzi, nikavusha, nikafuma. Kwa hiyo soksi ile ya misheni ilikamilishwa kwa rozari ya Otilia na njiti ya Mwislamu, na sijaona mpaka leo kilichofanya kazi zaidi.

Tulizishona tena ndani ya kitambaa tukiwa tunakimbia. Lori likaondoka na matone ya kwanza. Nikatoka barazani, nguo zimenigandia mwilini.

Kasiani alikuwa amesimama. "Zimekwenda," akasema. "Lakini soksi kwenda si soksi kupendwa. Nitasubiri, shemeji."

Hapo alisema kweli, na ilinichoma. Masika ile ilikuwa ndefu. Mto ukapanda, barabara ikazama, hakukuwa na lori wala habari. Tulikuwa tunafuma vitambaa vya altare ili tuonekane tuna kazi. Kila aliyevuka kutoka Mchombe aliniletea salamu za shemeji, na kila salamu ilikuwa na swali ndani. Binti yangu mkubwa, Benadeta, aliniuliza tukihama shule itakuwaje. Nikamwambia aombe. Nikaenda kanisani nikamwambia Mungu mambo ambayo Padre asingeyapenda.

Barabara ilipokauka, lori la Bwana Saidi likaingia na mabelo ya sufu, matatu, makubwa, yamebanwa kwa chuma. Sufu ya kijivu, ya bluu, na nyekundu ya kutisha. Masista wakaimba. Mimi nililikumbatia belo moja na lilinuka kondoo waliooza, na nilidhani ni marashi.

Wiki ile ile nikaenda Mchombe kwa miguu. Sikungoja kuitwa. Wazee wakakaa, Kasiani akakaa. Nikasalimia, nikaeleza kwamba sufu imekuja na kazi ipo.

Mzee mkubwa akajikuna kidevu. "Sasa, mama, hiyo kazi ya masista itakwisha lini?"

"Baridi ya Ulaya ikiisha, mzee."

"Na huko baridi huwa inaisha?"

"Inaisha, mzee. Halafu inarudi kila mwaka."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Wengine wakafuata. Kasiani hakucheka, lakini mtu akishachekwa mbele ya wazee, kesi yake imelala. Kabla ya mavuno alioa binti mwingine, Salome, mdogo sana. Nikamwombea. Zaidi ya hapo sikufanya kitu.

Mengine mnayajua. Nimefuma miaka yote hii, binti zangu wamemaliza shule, Mama Otilia tumemzika Idete. Macho yangu sasa yanaona vitanzi viwili palipo na kimoja, na Sista wa sasa, kwa adabu, ameniambia nipumzike. Akaniuliza nani ashike soksi za misuko. Nikamtaja Salome. Wengine mlinong'ona, eti ni mgeni, eti kwa nini yule, na yule ni mke wa nani. Basi niwaambie alivyokuja, mnyamaze.

Ilikuwa mwaka jana, baada ya misa ya asubuhi. Nikamwona mlangoni, mtoto mgongoni, miguu ina matope mpaka magotini, kutoka Mchombe.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Amekutuma nani?"

"Hakuna. Nimejituma. Nasikia hapa mnafundisha kufuma, na jioni mnafundisha kusoma. Na dini."

"Mumeo anajua uko hapa?"

Akamshusha mtoto, akanitazama usoni. "Atajua akikosa wali."

Nikasogea kumpisha. Akakaa.